Cheka Nikuone

Ukifika Macalder, kule Nyatike wanakochimba dhahabu kwa sururu na kuiosha kwa karai, utaambiwa kwamba mke wa mwanangu Levis aliwahi kuosha mchanga akapata dhahabu kubwa kama yai la bata. Watakuonyesha na shimo lenyewe. Usibishane nao, lakini pia usiwaamini. Uongo huo naujua kwa sura, nimeuzaa mwenyewe, na nitakueleza ulizaliwa wapi na kwa uchungu gani.

Milka mwenyewe hajawahi kupata kitu kinachozidi punje ya wimbi. Ni binti wa Maroa, Mkuria wa karibu na mpaka wa Tanzania. Alifika Macalder akiwa msichana, akashika karai, na mpaka leo hajaliweka chini. Ukimtazama akiosha utadhani anabembeleza mtoto. Anainama, anachota maji, anazungusha taratibu, matope yanamwagika upande mmoja, anazungusha tena, mpaka chini panabaki mchanga mweusi kidogo tu, wa kujaza kijiko. Hapo ndipo anapoinua karai juani na kutazama bila kupepesa. Mara nyingi hakuna kitu. Anamwaga, anachota tena. Mwanangu Levis alimkuta hivyo, ameinama, akamnunulia chai, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshaahidi ng'ombe ambao mimi sikuwa nao.

Alipoletwa kwetu, nje kidogo ya Oyugis, hakujua Kijaluo na mimi sikujua Kikuria. Tukakutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akikivuta upande wake. Mimi namwita Nyar Kuria, yaani binti wa Kuria. Yeye ananiita Mama. Wajukuu wananiita Dani, ndiyo nyanya kwa lugha yetu. Milka si mtu wa maneno, nami sijui kunyamaza, kwa hiyo hatujawahi kugombania nafasi.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa Tony. Alilia tangu akiwa mchanga, kilio cha kung'oa mabati, vidole vimevimba kama ndizi. Kwetu mtoto akilia namna hiyo tunasema kuna marehemu anadai jina lake. Wazee waliketi wakataja majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, wakisubiri lile litakalomnyamazisha. Tony alirithi ukoo mzima na bado alilia. Nikawaambia tujaribu na marehemu wa jirani, wakanifukuza. Mwishowe ni hospitali iliyotuambia jina lililokuwa linamliza: sikoseli, damu inayojikunja kama mundu na kukwama njiani.

Tukajifunza. Anywe maji mengi, asinyeshewe, mbu asimguse, vidonge vyake visikose. Kitu ambacho hatukujifunza ni kichwa. Tony alianza kushika pembeni mwa kichwa na kusema kunagonga. Tukamwambia akalale kivulini. Asubuhi moja, meno ya utoto yakiwa ndiyo kwanza yanang'oka, alipokea kikombe cha uji na kikombe kikaanguka. Alipoona tumeshtuka akacheka, na kicheko kikaenda upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili ulibaki umelala. Mama yake alikuwa ameketi mbele yake, ameona yote. Kiharusi, kwa mtoto ambaye bado hajui kufunga kamba za viatu. Mvua ndefu zilipoanza tulimzika kando ya nyumba ya mama yake.

Mdogo wake, Liz, alikuwa mgongoni wakati ule. Damu yake ikapimwa, ikawa ileile. Levis akasema kwao hakuna damu ya aina hiyo, imetoka Kuria. Nesi akamwambia, "Baba Tony, ugonjwa huu mtoto haupati mpaka baba atoe nusu na mama atoe nusu." Mwanangu alimsikia vizuri sana. Akachukua nyavu zake akaenda kuvua Takawiri. Kisiwa kile ni kidogo, ukipiga chafya upande huu wa pili wanakuambia pole, lakini Levis ameweza kupotea ndani yake mpaka leo. Nilimzaa mimi, na hakuna duka la kumrudishia.

Basi Milka akabaki na Liz, na mimi, na karai. Liz anasoma huku kwangu, likizo anakwenda kwa mama yake. Na mwaka huu amefika umri uleule wa kikombe kuanguka.

Kwenye kliniki ya Homa Bay nesi alitupa habari. Kuna mashine inakuja, alisema, inapima watoto wa sikoseli kichwani, na inaweza kusema kama kiharusi kiko njiani kabla hakijafika. Ikiwa kiko njiani, kuna dawa na kuna kuongezewa damu, na wengi hakiwapati tena. Mashine yenyewe ni moja na inazunguka. Itakuwa Homa Bay, halafu Migori, halafu inakwenda mbali. Milka aliposikia "kabla hakijafika" alinishika mkono, akaushika mpaka vidole vyangu vikafa ganzi.

Siku ya mashine tulikutana kwenye lango la hospitali. Mimi nilitoka Oyugis, wao walitoka Macalder. Liz alikuwa amefungwa kitambaa kikubwa kichwani, kama mama wa kanisa anayekwenda mazishini.

"Yawa, nani amekufa?" nikamwuliza.

"Dani, kichwa kinauma."

"Kinauma kwa sababu kina akili nyingi. Cha jogoo wangu hakiumi kamwe, na wewe unamjua."

Akatabasamu kidogo. Milka alitazama barabarani, hakutaka kunitazama mimi. Hiyo niliiona, nikaiweka moyoni.

Mwanamke wa mashine anaitwa Pamela. Alikuwa mfupi, mwenye macho yaliyochoka, na mama mmoja alipomwita daktari alisema yeye si daktari, kazi yake ni kupima. Kabla ya kuanza alitoka nje kwenye benchi akatueleza sisi sote tuliokuwa na watoto mapajani. Mashine ina kifaa kama kalamu nene. Kinapeleka sauti ambayo sikio la mtu halisikii, sauti inaigonga damu inayotembea na kurudi, na kwa kurudi kwake mashine inajua damu inakwenda kwa kasi gani.

"Fuvu ni gumu," alisema, "sauti haipiti popote. Lakini hapa, kwenye panja, kati ya jicho na sikio, mfupa ni mwembamba. Sisi tunapaita dirisha. Tunachungulia hapo. Mshipa ukiwa mzima damu inatembea polepole. Mshipa ukiwa umebanwa ndani, damu inakimbia."

"Kama mtaro wa kuoshea," Milka akasema. Niligeuka kumtazama, maana hasemi mbele za watu. "Ukisogeza mbao zikakaribiana, maji yanakimbia na kupiga kelele."

"Hapo hapo, mama. Sisi tunatafuta hizo kelele."

Ilipofika zamu yetu Liz alipandishwa kitandani. Pamela akafungua kitambaa, na mkono wake ukasimama hewani.

Kwenye mapanja yote mawili kulikuwa na chale. Mistari mitatu mitatu, ya wembe. Upande wa kushoto ilikuwa imekauka. Upande wa kulia ilikuwa imevimba, ngozi inang'aa, usaha na masizi ya dawa vimechanganyika mpaka karibu na sikio.

"Nani amefanya hivi?"

Nilifungua mdomo niseme mtoto alikumbatiwa na paka. Ndivyo nilivyo, uongo unanijia kabla ya mate. Milka akanitangulia.

"Shangazi yangu Nyarangi, kule Kuria. Mimi ndiye nilimpeleka."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Kichwa kilikuwa kinamgonga hapo. Shangazi akasema damu mbaya imekaa hapo, itolewe."

"Na ulijua anakuja kwangu?"

"Nilijua."

"Sasa, mama, kwa nini?"

Milka alikuwa ameshika kile kitambaa, anakizungusha taratibu mkononi kama karai. "Tony tulimwambia akalale kivulini," alisema. "Huyu sikutaka kuacha kitu. Wembe niliutaka, mashine niliitaka. Hata kwenye maombi ya Jumapili nilimpeleka."

Pamela hakumjua Tony. Nikamweleza kwa maneno machache, na yalikuwa ya kweli yote. Nikamwambia pia asiwacheke Wakuria, sisi Wajaluo tunachanja vilevile, tunaita saro, na mgongo wangu mimi una mistari mingi kuliko daftari la shule. Kinachouma ndipo panapochanjwa, na panja linapogonga kila mtu anaona. Shangazi Nyarangi alikuwa amekwenda palepale penye dirisha. Tofauti yake na Pamela ni kwamba mmoja alikuja na wembe na mwingine na jeli ya kupaka.

"Simcheki mtu," Pamela akasema. "Tuanze na huku kunakowezekana. Liz, utalala chali. Usilie, usiongee, usisinzie. Yote hayo yanabadilisha mwendo wa damu."

Mtoto alikuwa anatetemeka. Nikaona hii ni kazi yangu. Nikamwinamia nikamwambia habari za jogoo wangu, jinsi anavyowika kwa Kiswahili sanifu siku afisa wa kilimo anapotembelea boma, na jinsi alivyomwuliza yule bwana, "Una miadi?" Liz akacheka mpaka kitanda kikatingishika na picha kwenye kioo ikaruka kama samaki.

"Dani, tafadhali," Pamela akasema. "Na kucheka pia."

Nikajifunga mdomo kwa mkono. Upande wa kushoto ukapimwa. Mashine ilitoa sauti ya upepo, shwaa, shwaa, shwaa, na Pamela akaitikia kwa kichwa taratibu. Alisema huko si kubaya sana, kasi ya damu iko katikati, haijafika pa kuogopesha. Kisha akazunguka kitanda, akaweka jeli, na akagusa panja la kulia kwa wepesi wa mtu anayegusa nzi.

Liz alipiga yowe mpaka watu wa nje wakasimama.

Pamela alijaribu juu ya kidonda, akajaribu nyuma yake, akajaribu kwa kusubiri mtoto atulie. Kila akigusa, yowe. Mwishowe akaweka kifaa chini.

"Akilia hivi, namba nitakayopata ni ya uongo. Nitaandika uongo, na nyinyi mtakwenda nyumbani mkiuamini."

"Andika tu ile namba ya kushoto," nikasema.

"Dani, kila upande una mshipa wake. Mmoja unaweza kuwa mzima na mwingine umebanwa karibu kufunga." Akamgeukia Milka. "Na kichwa, huko kulia ndiko kunakomgonga?"

"Ndiko."

Pamela akasema kidonda kitibiwe, atampa barua apate dawa ya usaha palepale. Wiki ijayo mashine itakuwa Migori, tumfuate huko. Baada ya Migori hajui itarudi lini upande wetu. Na kama kabla ya hapo mdomo utapinda, au mkono utalegea, au maneno yatapotea, hata kwa muda mfupi, tukimbie hospitali bila kusubiri siku ya mashine.

Tuliketi nje chini ya ukuta. Liz alikuwa ananyonya juisi kwa mrija, kilio kimeshaisha. Watoto husahau haraka. Milka alitazama viganja vyake.

"Mama, nimelifunga dirisha kwa mkono wangu."

"Litafunguka. Ni ngozi tu, Nyar Kuria, itapona."

"Na kama kiharusi hakitangoja ngozi ipone?"

Nina jibu la kila kitu mimi. Nimewahi kumjibu mchungaji katikati ya mahubiri. Siku ile nilichukua kile kitambaa nikaanza kumfunga Liz upya.

Tukaenda Macalder wote watatu, maana ndiko karibu zaidi na Migori. Chumba cha Milka ni cha mabati, kina kitanda kimoja, na mimi nililala katikati kama mpaka wa kaunti. Alikiosha kile kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, asubuhi, mchana na jioni. Nzi alikuwa anafukuzwa kama mwizi. Akienda kuosha mchanga alimkalisha Liz mbele yake kabisa, chini ya mwavuli uliovunjika, na baada ya kila karai aliinua macho. Zamani aliinua macho kutazama dhahabu. Sasa alitazama mdomo wa mtoto. Vipande vidogo vilikuwa vinamponyoka na maji, wenzake wakamwambia, "Milka, umemwaga, hicho kilikuwa kinang'aa," naye hata hakugeuka.

Na kila kulipopambazuka, kabla ya uji, alimkalisha Liz mlangoni penye mwanga na kumwambia, "Cheka nikuone."

Mtoto hachekeshwi kwa amri. Siku ya kwanza Liz alikenua meno tu kama anapigwa picha, na Milka akasema hapana, kicheko chenyewe, kinachokuja bila kujua. Hapo ndipo nilipopata kazi. Nikamletea kiboko wa Takawiri mwenye jino bovu, aliyepanga foleni zahanati tangu alfajiri na kuwagombeza waliomkanyaga mkia. Nikamletea upepo wa soko la Oyugis, uliobeba viazi vya mama mmoja mpaka Kisii, vikafika vimeshaiva. Nikamletea mbu niliyemfunga kamba shingoni ili alinde mbuzi. Liz alicheka, na sisi wawili tulimwinamia kama watu wanaosoma. Pembe zote mbili za mdomo zikipanda sawa, Milka anashusha pumzi na kwenda kuwasha jiko. Nimesema uongo maisha yangu yote kwa raha. Sijawahi kuusema huku nikihesabu pembe za mdomo wa mtu.

Jirani yetu mmoja, Angwenyi, Mkisii anayechimba na pia ana pikipiki, alikuwa anapita akitukuta hapo mlangoni.

"Dani, yule jogoo ameshachukua kitambulisho?"

"Amechukua, na picha yake imetoka vizuri kuliko yako."

"Basi apige kura atutoe kwenye haya mashimo."

Liz akacheka, tukatazama.

Uvimbe ukashuka. Usaha ukakauka, ganda likaanza kuinuka pembeni. Milka alikuwa akiligusa kwa ncha ya kidole na kumwuliza, "Hapa? Na hapa?" Liz akisema hapana, mama anasogea nukta moja. Tukaanza kuamini. Zikabaki siku chache.

Asubuhi ile niliamka na hadithi nzuri, ya fisi aliyekwenda kuposa kwa mbuzi akiwa amevaa suti. Nilikuwa nimeifikiria tangu jana yake. Liz alikaa mlangoni, mwanga usoni. Nilifika pale fisi anapoulizwa na baba mkwe kama anakula nyama, naye anajibu, "Mimi? Mboga tu, mzee, na daktari amenikataza hata mchuzi."

Liz akacheka. Upande wa kulia wa mdomo ukapanda. Wa kushoto haukupanda.

Nilimwona Milka akiona. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Liz, mpe mama mkono. Huu. Na huu." Mkono wa kushoto ulikuja umechelewa, ukaanguka njiani kama kitambaa. Mtoto akataka kusema kitu, kikatoka kama uji.

"Angwenyi!" Nilipiga ukelele ambao naamini Takawiri waliusikia.

Alikuja na pikipiki bila viatu. Na kabla hajaiwasha, mdomo ukarudi. Taratibu, kama pazia linalofunguliwa. Liz akasema, "Mama, nini?" kwa sauti yake kabisa, akakunja na kukunjua vidole.

"Si amerudi?" Angwenyi akauliza. "Mungu mkubwa. Labda aliota."

"Washa," Milka akasema.

"Nasema amepona, Mama Tony."

"Angwenyi, washa."

Sitakusimulia ile barabara. Nilikuwa nyuma kabisa, nimemshika Milka, Milka amemshika Liz, na nilichoona njia nzima ni shingo ya mtoto na lile ganda kwenye panja.

Migori tulimkuta Pamela anafungua sanduku la mashine, ndiyo kwanza amefika, siku moja kabla ya siku yetu. Daktari wa zamu alimtazama Liz, akamshika mikono, akamwambia anyooshe ulimi, na akataka apimwe wakati huohuo. Pamela akalitazama panja la kulia kwa muda mrefu. Akapaka jeli pembeni mwa ganda, akagusa.

Liz hakupiga yowe. Alifumba macho tu.

"Fumbua, Liz. Usisinzie. Usilie, usicheke." Pamela akanigeukia. "Dani, unaweza kumshika kwa maneno? Lakini yasichekeshe."

Hebu fikiria. Nimeishi miaka hii yote, ghala limejaa, na halina hata hadithi moja isiyochekesha. Nikamgusa kiboko, hafai. Nikamgusa fisi, Mungu wangu, fisi ndiye alitufikisha hapa. Mtoto alikuwa ananitazama, machozi yamesimama ukingoni. Nikakosa uongo, basi nikachukua kilichokuwa karibu.

"Kulikuwa na msichana," nikamwambia, "anaitwa Milka. Alikuja Macalder na karai. Asubuhi anainama kwenye maji. Anachota mchanga, anazungusha. Matope yanamwagika, anazungusha tena. Polepole. Akiharakisha, vile vidogo vinakwenda na maji."

Liz akatulia.

"Chini panabaki peusi. Anainua juani. Anatazama. Hakuna kitu. Anachota tena."

Nikaendelea hivyo, sikuongeza chumvi hata chembe. Nikamwambia mgongo wa Milka unavyouma jioni. Jinsi maji yanavyonyausha vidole. Jinsi alivyofika kwangu bila lugha, na siku ya kwanza akafagia uwanja wangu wote kwa sababu hakujua aseme nini. Jinsi alivyombeba Tony kutoka njia panda mpaka zahanati, mvua inanyesha, akamfunika kwa gauni lake mwenyewe. Liz alikuwa macho, hasogei, anapumua kama mtu anayesikiliza mlangoni. Na Milka alisimama miguuni pa kitanda akisikia maisha yake yakisimuliwa, akitazama sakafu.

Ndipo mashine ikapata ilichokuwa inatafuta. Haikuwa shwaa. Ilikuwa sauti nyembamba, kali, ya kukwaruza, inayopanda juu na kushuka, kama maji yaliyosukumwa penye ufa.

Pamela hakuwa amesema neno. Milka akasema, "Mbao zimekaribiana."

"Ndiyo, mama," Pamela akasema. Alikuwa anaongea na kioo. "Zimekaribiana sana. Kasi imepita mpaka, imepita mbali. Lakini damu bado inapita. Sikia, bado inapita."

Liz aliongezewa damu siku hiyohiyo, na akaanzishiwa vidonge vya kumeza kila siku. Daktari alitueleza bila kuzunguka. Kilichotokea asubuhi kilikuwa onyo. Damu mpya itapunguza hatari, itabidi aongezewe tena na tena, atapimwa tena mashine ikirudi, na hakuna anayeweza kutuapia. Milka aliuliza swali moja tu, kama upande ule ungepimwa Homa Bay ingekuwaje. Daktari akatazama chati yake, akasema angeanzishiwa damu mapema.

Kulipopambazuka mfuko wa damu ulikuwa umeisha, umening'inia kama kibofu. Liz aliamka, umanjano wa macho umepungua kuliko jana. Milka alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, uso wake umeshuka kama wa mtu aliyeosha mchanga mwaka mzima. Akamgeuza mtoto kwenye mwanga wa dirisha.

"Cheka nikuone."

"Sitaki," Liz akasema. "Dani hakumaliza. Yule msichana wa karai. Alipata?"

Milka akanitazama. Nikamtazama. Alijua jibu na mimi nililijua.

"Alipata," nikasema.

"Kubwa?"

"Kubwa kama yai la bata. Alipoinua karai, bata mwenyewe akaja mbio kudai, na askari wawili, na mashahidi kumi, wote bata."

Liz akacheka. Kitanda cha pili wakacheka, na mama mmoja wa Nyatike aliyekuwa amemleta mtoto wake, ambaye nadhani ndiye aliyeubeba uongo huo mpaka nyumbani. Sisi wawili hatukucheka. Tuliinama, kichwa changu na kichwa cha Milka vikagongana, tukatazama pembe ya kulia, tukatazama pembe ya kushoto.

Zilipanda zote mbili. Ya kushoto ilichelewa kidogo, au labda ni macho yangu.

"Tena, Mama," Milka akaniambia, bila kuinua uso. "Mwambie bata alisema nini."